Bei ya Haki kwa Rupia za Mwazye

Fundi Rajabu alizikwa baada ya sala ya adhuhuri. Wanaume walipoondoka na jeneza, sisi wanawake tulibaki uani kwake kule Chanji, tumekaa kwenye mikeka na kujitanda khanga, Wakristo kwa Waislamu, kwa sababu katika mji wa Sumbawanga mtu aliyekutengenezea pete ya ndoa ni jamaa yako hata kama hamkuwahi kusali pamoja. Nilichagua kukaa karibu na mlango wa karakana yake. Mlango ulikuwa umefungwa kwa kufuli mpya, bado ina mafuta ya dukani, nami badala ya kumwombea marehemu nikawa nawaza ni nani aliyewahi kununua kufuli kabla hata maiti haijatoka, na ndani kumebaki nini cha kufungiwa. Nimekuwa hivyo tangu mwaka ninaotaka kuueleza hapa. Kabla ya mwaka ule nilikuwa msichana anayeamini risiti.

Mama mmoja alikuja akakaa ubavuni kwangu bila kuomba nafasi. Alinukia moshi wa kuni na sabuni ya mche. "Dada Vero," akasema, "umenenepa." Uso wake sikuujua, lakini sauti ile nzito, inayovuta maneno kama watu wa Kalambo wanavyoyavuta, niliijua mara moja. Alikuwa Tekla wa Mwazye. "Na wewe umepungua," nikamjibu. "Mimi nalima. Wewe unakaa unahesabu." Alicheka, kisha akaziba mdomo kwa ncha ya khanga, maana ulikuwa msiba. Nilimuuliza ni kitu gani kilichomtoa Mwazye alfajiri, apande gari mpaka mjini, kuja kumlilia sonara aliyeonana naye mara mbili tu maishani. Alinitazama kama mtu anayepima kama mfuko utabeba mzigo. "Tule kwanza," akasema. "Hilo jambo limekaa miaka yote hii. Halitachacha."

Kwa hiyo, wakati sufuria za wali zinasubiri wanaume warudi kutoka makaburini, nilirudi peke yangu katika mwaka ule. Ilikuwa miaka ya ruksa, serikali ilipofungulia biashara. Maduka ambayo rafu zake zilikuwa tupu tangu nilipokuwa mtoto yalijaa ghafla. Marobota ya mitumba yalifunguliwa sokoni asubuhi, na kabla ya saa nne nusu ya mji ilikuwa imevaa nguo za watu wasiowajua. Malori yalikwenda mpakani Kasesya na kurudi na sabuni, betri na vitenge vya Zambia. Watu husema miaka ile ilikuwa ya furaha, na kweli kulikuwa na furaha, lakini mimi ninachokikumbuka zaidi ni macho ya watu. Zamani bei ilitangazwa, na hata kama bidhaa yenyewe haikuwepo, bei yake uliijua. Sasa bei ilikuwa siri ya kila mtu. Ukinunua shati, ulipofika nyumbani jirani alikuuliza umelipa ngapi, na kabla hujamaliza kujibu ulikuwa umeshaona usoni mwake kwamba umeibiwa.

Nilipanga chumba kimoja katika ua wa Fundi Rajabu, kimegusana na karakana yake. Nilikuwa nakaanga maandazi asubuhi na kuyauza stendi, na mchana nilikaa mlangoni pake kwa sababu ya joto la mkaa. Mwezi wa sita na wa saba Sumbawanga si mahali pa kukaa mbali na moto. Chumba kile kilikuwa na meza ya mninga iliyoungua kila upande, chupa ya tindikali iliyofungwa kwa kitambaa, mivukuto ya ngozi, na jiwe jeusi lililotokana na jiwe la kusagia lililopasuka. Jiwe hilo ndilo lililokuwa hakimu. Mtu akileta sarafu, Fundi aliiinua hadi usawa wa sikio, akafumba jicho moja, akaiachia. Fedha halisi ililia kwa sauti nyembamba inayokawia kufa. Ya bandia ilianguka tu. Alifumba jicho lile lile kila mara, la kushoto, na shingo akaipinda kama kuku anayesikiliza. Watoto wa Chanji walimwigiza njiani.

Mimi nilitaka kujua zaidi ya sauti. Muuza karanga wa stendi alikuwa akifungia karanga kwa kurasa za kitabu cha kemia cha sekondari, na kwa wiki kadhaa nilinunua karanga nisizozitaka ili nipate sura ya metali. Kwa njia hiyo, na kwa kumsumbua Fundi, nilijifunza kwamba rupia ya Mjerumani, ile yenye bwana aliyevaa kofia yenye ndege juu yake, karibu yote ni fedha; kwamba shilingi ya simba ya Mwingereza ni robo tu fedha, iliyobaki ni shaba na vinginevyo; na kwamba shilingi za mwisho za mfalme wa mwisho hazina fedha hata chembe, ingawa simba ni yule yule na mlima nyuma yake ni ule ule. Nilijifunza pia kwamba sarafu iliyopita mikononi mwa watu hupungua. Tulichukua rupia moja ambayo sura yake ilikuwa bado kali, tukaiweka upande mmoja wa mizani ndogo ya sonara, na upande wa pili tukaweka ile iliyochakaa hadi bwana wa kofia hana pua. Mizani iliinama. Tofauti ile, Fundi alisema, imekwenda katika vidole vya watu na mifuko yao, na mnunuzi hawezi kulipia kitu ambacho hakipo.

Akanipa kazi. "Fedha ya Ufipa iko kwa wanawake," alisema. "Mwanamume akienda anaonyeshwa sarafu moja. Mwanamke anaonyeshwa chungu." Bei aliyonipangia ilinishangaza: shilingi mia mbili na hamsini kwa rupia yenye uzito kamili, ikipungua kadiri uzito unavyopungua. Nilikuwa nimesikia sokoni watu wakiuza kwa mia, na hata chini ya mia. Nikamuuliza mbona anatoa nyingi hivyo. "Watu wa ng'ambo ya Kasesya wanakuja kununua," akasema akipuliza mkaa. "Ruksa imeharibu bei. Tena bei ya haki, binti, ni ile ambayo mwenye mali haji kesho kukuita mwizi mbele ya wateja wako." Nilipenda jibu hilo. Baadaye tu ndipo nilipojiuliza kwa nini mtu mwenye dhamiri safi afikirie haraka hivyo juu ya kuitwa mwizi.

Nilifika Mwazye juu ya lori la maharage, nikiwa na mizani imefungwa ndani ya kitambaa cha maandazi. Nilielekezwa kwa Bibi Yustina, mjane ambaye kila mtu alimtaja kwa kushusha sauti, si kwa kumwogopa ila kwa kuwa alikuwa na masikio makali. Jiko lake lilikuwa nyumba ya pekee, kuta nyeusi zinang'aa kwa masizi, na darini kulikuwa na vikapu vya mbegu. Nilimwamkia shikamoo, akaniitikia marahaba, kisha akanifanya ningoje mpaka ugali wa ulezi ulipoiva. Tulikula na maharage yaliyoungwa kwa karanga, na wakati wa kula hakuna aliyeniuliza nimefuata nini. Aliyetuandalia alikuwa Tekla, binti yake, aliyerudi nyumbani baada ya ndoa kuvunjika, na mtoto mgongoni. Alikuwa amevaa koti la sufu la rangi ya bluu, zuri kuliko nguo yoyote niliyoiona kijijini siku ile, vifungo vyake vikubwa kama vijiko, kimoja hakipo. Nililishika mkono wake. "Limekukaa vizuri. Umenunua ngapi?" Akasema, "Nilipewa," akageuka kuchukua maji. Kaka yake, Kaspari, alikuwa amekaa mlangoni akichonga mpini wa jembe, na hakuinua uso.

Tulipomaliza kunawa, Bibi Yustina alishusha kikapu cha mbegu za ulezi, akaingiza mkono ndani mpaka kwenye kiwiko, akatoa rupia tisa moja moja, kila moja ina vumbi la nafaka. Katika nyumba ile rupia zililala ndani ya mbegu. Mama mkwe wake alimwambia kwamba fedha huzuia mbegu kuota ukungu na watoto kuiba, na yeye alisema la pili aliliamini zaidi. Nikatoa mizani. Hapo hapo hali ya hewa ikabadilika.

"Hicho ni nini?" akauliza.

"Mizani, bibi. Nipime, nikulipe haki yako."

"Mizani ya ushirika nayo ilikuwa ya haki. Gunia langu likiwa nyumbani ni gunia. Likifika pale linakuwa debe nne."

Nilimweleza. Nikaweka rupia yenye sura kali upande huu na yake upande ule, nikamwonyesha jinsi yake ilivyokuwa nyepesi, nikasema hii nitakata kidogo kwa sababu imechakaa. Kaspari aliacha kuchonga. Bibi Yustina alinisikiliza hadi mwisho, kisha akasema, "Noti ikichakaa, dukani wanakata chumvi?" Nikasema hapana. "Basi. Na hicho kilichopungua kimekwenda wapi?" Nikasema kimekwenda mikononi mwa watu walioishika. Akanyanyua viganja vyake viwili akavitazama. "Kumbe kimo humu. Na kilicho humu nani atakilipia?"

Ili kumtuliza, nikataja bei. Mia mbili na hamsini kwa ile iliyo nzima, mia mbili na kitu kwa zilizochakaa. Nilifikiri atafurahi. Badala yake wote waliacha walichokuwa wakifanya, isipokuwa mtoto wa Tekla aliyeendelea kulamba kijiko.

"Rudia," akasema Kaspari.

Nikarudia.

Alimgeukia dada yake. "Mwaka jana uliuza ishirini. Ulileta ngapi?" Tekla akamvuta mtoto karibu. "Ulileta sitini sitini. Elfu moja na mia mbili. Mama alikukabidhi rupia ishirini za baba, wewe ukarudi na elfu moja na mia mbili. Huyu hapa anasema ni elfu tano." Kisha akasema maneno mengi kwa Kifipa, haraka, nami niliyezoea ya mjini nikashika machache: mume, shamba, mwizi. Nilielewa baadaye kwamba Tekla alipewa kipande cha shamba la baba yao aliporudi, kipande chenye maji, na kwamba Kaspari alikuwa akikitaka. Sasa mimi, kwa bei yangu ya haki, nilikuwa nimemletea sababu. Ikithibitika kwamba Tekla alikula fedha za rupia za marehemu, asingebaki na shamba wala nyumba pale.

Tekla alianza kulia, lakini kwa hasira. Alisema mnunuzi alikuwa mwanamume wa mjini aliyekuja na lori la kununua maharage, na kwamba alimwambia ile ndiyo bei, na hakukuwa na mtu mwingine wa kumuuliza. "Mtu gani? Ana jina?" Kaspari akauliza. "Sijui jina! Aliziangusha jiwani moja moja, hivi." Akashika rupia moja, akaiinua sikioni, akafumba jicho la kushoto, akapinda shingo kama kuku, akaiachia kwenye jiwe la kusagia.

Rupia ililia. Bibi Yustina hakuwa akimtazama binti yake. Alikuwa akinitazama mimi. "Unamjua," akasema. Sikukana. Akakusanya rupia zake tisa akazirudisha kwenye mbegu, akaniambia kwa sauti ya chini kabisa: "Bei yako ni nzuri mno, mwanangu. Mtu akinipa nyingi najiuliza anachukua nini nisichokiona. Mlete huyo. Jumapili, baada ya misa, mbele ya baba yao mkubwa."

Nilikuwa nimekwishafanya uamuzi wangu njiani kabla lori halijafika Matai. Fundi alinificha. Alinituma niwe uso wake mzuri katika vijiji alivyovichuna mwaka jana, na ile bei ya haki ilikuwa mafuta ya kupaka jeraha. Nilipofika Chanji nilimkuta anakula samaki wa mgebuka wa kukaanga na ugali, peke yake, mezani palipoungua. Sikumsalimu. Nikamweleza yote yaliyotokea Mwazye, pamoja na lile jicho la kushoto. Hakubisha. "Nilinunua pale," akasema. "Kila mtu alinunua namna ile. Ulitaka nikuambie nini, binti?" Nikamwambia kuna mwanamke atafukuzwa kwao kwa ajili yake.

Alinyonya mfupa akauweka pembeni. "Amesema nilimlipa kiasi gani?"

"Sitini kwa kila moja."

"Amesema sitini?"

"Ndiyo. Sitini."

Alikaa kimya muda mrefu kiasi kwamba niliona mafuta yakiganda kwenye sahani. Nilimtazama kwa makini, kama nilivyokuwa nimejifunza kuitazama mizani, nami nikasoma ukimya ule kwa uhakika mkubwa: mtu anapiga hesabu ya aibu, itamgharimu wateja wangapi. Kisha akasema, "Nitakwenda."

Jumapili ile tulikaa nje, ukutani kwa Bibi Yustina, upande usio na upepo. Walikuwepo baba mkubwa, Kaspari, majirani wengi kuliko walioalikwa, na Tekla peke yake kwenye kigoda katikati, koti lake la bluu liko wazi. Wakati tunangoja, kijana mmoja nyuma yangu alimnong'oneza mwenzake kwamba rupia hizi wanazonunua si za pete, ni za dawa ya utajiri, na kwamba ndiyo maana bei imepanda. Mwenzake akasema, "Basi na shangazi yako afunge kuku wake, wasije wakatiwa kwenye dawa hiyo." Walicheka, lakini waliondoa miguu yao karibu na mfuko wangu. Fundi Rajabu alikuja na kofia yake ya kushonwa, akawasalimia wazee kwa mpangilio, mmoja baada ya mwingine, na alipopita mbele ya Tekla alisimama kidogo, akamtazama toka shingoni mpaka miguuni. "Funga vifungo, binti," akasema. "Kuna baridi." Nilichukia. Nikajiambia, mzee huyu, hata hapa.

Baba mkubwa alimuuliza kama ni yeye aliyenunua. Akasema ni yeye. Akaulizwa alilipa ngapi.

"Sitini," akasema Fundi. "Yeye alitaka mia. Tulibishana mpaka dereva akapiga honi. Ningempa arobaini kama si mdomo wake."

Watu wakacheka, hata Bibi Yustina pembe ya mdomo ilimcheza. Kaspari peke yake hakucheka. "Ulijua thamani yake?"

"Nilijua."

"Kwa hiyo wewe ni mwizi."

"Mwaka jana, ndiyo. Nilinunua kwa bei ya mtu asiyejua."

"Apa," akasema Kaspari. "Apa kwamba zilikuwa sitini."

Fundi alishusha mabega. "Kijana, nimetoka mjini nikaja kusema mbele ya watu kwamba mimi ni mwizi. Unataka na kiapo juu yake? Nani anaapa ili aonekane mwizi?" Wazee wakaitikia kwamba hilo ni kweli, na baba mkubwa akasema neno limekwisha, Tekla ameuza kama alivyouza, shamba ni lake. Kaspari alinyanyuka akaondoka na mpini wake. Lakini mimi nilikuwa nimeona. Fundi Rajabu hakuapa. Mtu ambaye dukani aliapa kwa Mungu juu ya pete ya shaba, pale alikikwepa kiapo kwa ufundi. Nikahitimisha kwamba alilipa hata chini ya sitini, labda ile arobaini aliyoitaja kwa utani, na kwamba Tekla aliongeza zake ili amridhishe mama. Nilijivunia hitimisho hilo. Nililibeba kwa miaka.

Jambo la mwisho la siku ile ndilo lililonikera zaidi. Bibi Yustina aliingia ndani akatoka na zile rupia tisa, akayapita magoti yangu, akaziweka mbele ya Fundi. Nikamwambia, "Bibi, mimi nilikuja na bei hiyo hiyo." Akasema, "Wewe sikujui. Huyu mwizi ninamjua sasa, na kila mtu hapa anamjua. Hawezi kuniibia tena, tunamtazama wote." Kisha akamgeukia Fundi. "Utapima kwa mizani ya huyu mtoto, ili nione. Ukishapima, zilizochakaa utazilipa kama nzima. Kilichopungua kimo mikononi mwetu, na mikono hii ni ya nyumba hii." Nilitegemea abishane. Fundi alipima moja moja, akasoma, akalipa mia mbili na hamsini mara tisa, hata ile ya bwana asiye na pua. Tangu siku hiyo, wanawake wa vijiji vile hawakumuuzia mtu mwingine yeyote fedha yao. Wanunuzi wa ng'ambo walikuja na bei kubwa zaidi na wakarudi mikono mitupu. Mimi nilimaliza msimu ule nikaacha kazi yake, nikahama ua wake, na nikasema kwa kila aliyeniuliza kwamba Rajabu ni fundi hodari wa kuungama kwa faida.

Wanaume walirudi kutoka makaburini, wali ukapakuliwa. Tekla alikula polepole, akafuta vidole, akasogea karibu mpaka bega lake likagusa langu.

"Alinilipa tisini," akasema.

Nilidhani sikusikia vizuri. "Tisini nini?"

"Kila rupia. Tisini. Mama nilimpelekea sitini. Thelathini nilibaki nayo." Alisema bila kupandisha wala kushusha sauti. "Nilikuwa sijawahi kuwa na nguo yangu tangu nirudi, dada Vero. Nilivaa za mama. Nilikuja mjini nikaona lile koti limetundikwa sokoni. Nikasema nitasema nilipewa."

"Mbona hukusema siku ile? Mia sita, Tekla. Mia sita si kitu mbele ya elfu tano."

"Ndiyo maana sikusema. Mtu aliyekula mia sita, Kaspari atamwachaje asiwe amekula zote? Ningekiri kidogo, wangenihesabia kikubwa." Akatazama mlango wa karakana, ile kufuli. "Nilipomwona anakuja kwenye kile kikao nilijua nimekwisha. Akasimama mbele yangu akaniangalia koti. Nikajua amejua. Halafu akasema sitini."

Niliuliza lile swali ambalo huwa nauliza, mtu amefaidi nini. Nikamwambia kwamba kwa uongo ule Fundi alipata soko la vijiji vyote. Kwamba huenda aliona faida yake kabla hajafungua mdomo. Kwamba mtu anayejiita mwizi mbele ya watu anaweza kuwa anapanda mbegu. Nilimtajia zile rupia tisa alizozilipa zaidi ya haki, nikasema hata hizo zinaweza kuwa gharama ya biashara. Tekla alinisikiliza kwa subira, kama mama yake alivyonisikiliza juu ya mizani.

"Inawezekana," akasema. "Mimi sijui alichofikiri. Najua tu kwamba uongo wa sitini ulikuwa wa kwangu, na akaubeba yeye."

Mtoto wa kiume wa marehemu alipita na ufunguo, akafungua ile kufuli mpya, akaingia karakanani, akatoka na mabakuli ya bati ya kunawia wageni waliokuwa wakiendelea kufika. Ndani niliona meza iliyoungua, na jiwe jeusi mahali pake. Hakukuwa na kitu kingine. Nilikuwa nimeliona lile koti kabla ya mtu yeyote. Nililishika mkono, nikauliza bei yake, nikajibiwa, nikageuka kupima fedha.

"Lilikwenda wapi?" nikamuuliza.

"Koti? Alilivaa binti yangu, kisha mdogo wake. Vifungo viliisha vyote." Alinyanyuka, akakung'uta khanga, upepo wa saa kumi ulikuwa umeanza kushuka kutoka milimani. Aliniangalia nilivyokaa na sweta langu wazi, akainama, akanifunga vifungo kimoja kimoja, kuanzia chini.